Mpare Achague Nani

Desemba 2023 mpwa wangu alikuja Vudee kwa likizo na mabegi mawili. Alishuka basi Makanya, akapanda bodaboda kupitia Bangalala, na njia nzima ya kupanda mlima begi moja lilifungwa nyuma kwa mpira, jingine alilipakata kifuani kama mtoto mchanga. Hilo la kifuani lilikuwa na PS4. Jioni ile ile, tulipomaliza makande, aliiunganisha kwenye televisheni ya mama, akanipa pedi moja, akabaki na nyingine, akasema, "Mjomba, chagua mtu wako."

Gemu lenyewe lilikuwa Diablo III. Lilipotoka mwaka 2012 lilikuwa na fani tano za wahusika, na baadaye ziliongezwa nyingine. Wale watano wa mwanzo ni mbabe wa milima ya baridi anayepigana kwa shoka na panga zito, mwindaji wa mashetani mwenye pinde, mtawa wa ngumi na mateke, mjuzi wa vitabu anayerusha umeme na barafu, na mganga. Kila fani ina uwezo wake na udhaifu wake, na ukishaichagua, safari nzima utaitembea kwa miguu ya fani hiyo.

Mkono wangu ulikwenda kwa mganga bila kufikiri. Kijana mmoja wa Moshi, rafiki wa mpwa wangu aliyekuja naye kuona Upare, akapiga makofi. "Hapo sawa, mjomba! Mpare na mganga wamekutana."

Wote tulicheka. Mimi pia nilicheka, kisha kidole gumba kikasukuma kitufe, alama ikahama, nikamchukua mbabe. Nilicheza saa moja na nusu. Nilikimbilia mbele pasipo mpango, nilizingirwa, nilikufa, nikafufuka, nikakimbilia mbele tena. Mwishowe nilirudisha pedi nikasema nimechoka. Sikuwa nimechoka. Usiku ule nililala nikisikiliza upepo kwenye migomba na kujiuliza ni kitu gani hasa nilichokiacha pale kwenye kioo, na kwa nini nilikiacha kwa sababu ya sentensi moja ya mtoto wa watu ambaye hakuwa na nia mbaya.

*

Nilichokiacha kinaweza kuelezwa. Chini ya kioo cha Diablo kuna matufe mawili. Tufe jekundu ni uhai. Mhusika yeyote analo. Tufe la pili linategemea fani. La mbabe ni la ghadhabu: linaanza tupu, na linajaa kadiri anavyopiga na kupigwa, kwa hiyo akisimama linapungua. La mganga ni la bluu, nalo linaitwa mana. Linajaa lenyewe, polepole, hata akiwa amesimama. Kazi ya mganga ni kujua lini aache lijae na lini alimwage. Akimwaga ovyo atabaki mikono mitupu mbele ya adui. Akikawia mno, adui atamfikia akiwa na hazina asiyoitumia.

Mtu aliyekulia Vudee hahitaji kuelezwa jambo hilo mara mbili, kwa sababu tufe la bluu ni ndiva.

Ndiva ni bwawa dogo linalochimbwa mahali mteremko unapopumua, chini ya kijito na juu ya mashamba. Jioni mlango wake unazibwa, maji ya mfereji yanaingia usiku kucha, alfajiri mlango unazibuliwa na maji yanashuka kwa kishindo. Sababu yake ni rahisi na ya kina. Kijito chembamba kikiachwa kitembee chenyewe, udongo mkavu wa mfereji utakinywa chote kabla hakijafika kwenye mahindi ya mwisho. Maji yale yale yakikusanywa usiku na kuachiliwa kwa pamoja, yanakuwa na nguvu ya kufika. Milima ya Upare Kusini ina ndiva nyingi za namna hii, na maji ya Mto Vudee yanapoteremka kwenda tambarare yanapokelewa na ndiva ya Manoo kule Bangalala, ambako mvua ni chache kuliko huku juu. Kwa hiyo hata ujirani wetu na watu wa chini ni hesabu ya nani anazibua lini.

Nilipokuwa na miaka 10 nilikuwa natumwa alfajiri na tochi kwenda kusubiri zamu yetu. Nilijifunza kuyatazama maji kwenye giza, kujua kwa sauti yake kama bwawa limefika ukingoni. Nilijifunza kwamba aliyekosa kwenda msaragambo, kazi ya pamoja ya kuzoa tope, atarukwa zamu au atatozwa, na kwamba mtu mwenye haraka, anayezibua kabla ya wakati, anaharibu siku ya watu 20 walio chini yake. Miaka mingi baadaye, mjini, nilipokaa kwa mara ya kwanza mbele ya gemu lenye tufe la bluu, mikono ilitambua kazi kabla ya akili. Kumbe upendeleo wangu ulikuwa na anwani. Ulitoka kwenye baridi ya saa kumi na moja alfajiri.

Ndiyo maana maneno ya yule kijana yaliniuma kuliko nilivyotarajia. Alikuwa amekisia sawa kuhusu chaguo langu, na amekosea kabisa kuhusu sababu.

*

Michezo ya fani ilianza mezani kabla ya kuingia kwenye kompyuta. Mwaka 1974 Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, walitoa Dungeons & Dragons, mchezo wa karatasi, kalamu na dadu. Fani zilikuwa tatu: mpiganaji, mtu wa nguvu za siri, na mtumishi wa dini. Mwizi aliongezwa mwaka uliofuata. Lakini pamoja na fani, mchezaji alichagua pia jamii ya mhusika wake, na hapo ndipo mambo yalipofungwa. Wale watu wafupi wa milimani, wahunzi wenye ndevu, waliruhusiwa kuwa wapiganaji tu, tena wasipite daraja la 6. Binadamu ndiye aliyeruhusiwa kuwa chochote na kupanda bila kikomo. Sheria hizo zililegezwa hatua kwa hatua. Toleo la mwaka 2000 liliondoa vizuizi vya nani awe nani. Katika kitabu cha wachezaji cha 2024 lile neno la zamani la Kiingereza linalotaja rangi na nasaba za watu liliachwa, na alama za nguvu na akili hazitolewi tena kwa kuzaliwa. Zinatokana na maisha aliyopitia mhusika kabla ya safari, kama alikuwa mkulima, mwanajeshi au fundi.

Niliposoma mabadiliko hayo nilisimama kwenye sentensi hiyo ya mwisho. Miaka 50 imewachukua watunga michezo kufika mahali ambapo mtoto wa ndiva angewaonyesha: uwezo unatoka kwenye kazi ambayo mikono ilifanya.

Lakini siwezi kuwalaumu Wamarekani hao na kuwasahau wetu. Upare nako kulikuwa na fani za kuzaliwa. Profesa Isaria Kimambo, mwana wa milima hii aliyefundisha historia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alikusanya simulizi za wazee na kuzitolea kitabu mwaka 1969. Humo mnaonekana Washana wa Ugweno, ukoo wa wahunzi waliotawala hadi Wasuya walipowapindua. Utawala ukahama, nyundo na mvukuto vikabaki kwa Washana, pamoja na hofu ya watu kuhusu laana ya mhunzi. Mnaonekana pia Wambaga wa kusini, waliojulikana kwa kuleta mvua. Mtoto alizaliwa upande wa mvukuto au upande wa mvua, na hakuna aliyempa pedi kumwambia achague.

Hata jina lenyewe la Mpare ni kubwa kuliko watu waliowekwa ndani yake. Watu wa kusini tunajiita Vaasu na tunasema Chasu. Watu wa Ugweno wana lugha yao, Kigweno, na sikio la msafiri linaweza kuiona jamaa wa Kichaga zaidi kuliko wa Chasu. Ukoloni ulihitaji kabila moja lenye mipaka na watawala wa kuorodheshwa, nasi tukalivaa jina na kulifanya letu. Mwanahistoria John Iliffe, katika kitabu chake cha 1979 juu ya Tanganyika, alionyesha jinsi jambo hili lilivyotokea nchi nzima: watawala waliamini makabila yapo yamekamilika, na wananchi nao wakayajenga ili waishi ndani ya utaratibu huo. Upande wa Kenya Waingereza walikwenda mbali zaidi, wakagawa watu kati ya waliozaliwa askari na wasiozaliwa askari, na Wakamba wakajazwa kwenye jeshi la King's African Rifles kwa imani hiyo. Hiyo ni fani uliyochaguliwa, na gharama yake haikuwa ya kwenye kioo.

*

Kila Mtanzania anaijua orodha. Mchaga biashara, Mmasai mkuki, Mhaya maringo ya usomi, Mkurya vita, Mhehe hasira, Mmakonde kuchonga. Mpare amepewa vitatu: ubishi, mkono wa birika, na uganga wa kuogopwa. Akidaiwa kuku, husemwa, atauza ng'ombe apate nauli ya kwenda mahakamani.

Utani naupenda. Nimelelewa ndani yake na nimeona kazi yake. Mtani wa kweli anakuchokoza wakati wa furaha, na msibani ndiye anayekuja kukuondolea ukimya, akivunja huzuni kwa ujasiri ambao ndugu hawana. Utani una wajibu pande zote mbili. Anayekucheka leo kesho atalichukua jembe kwenye kaburi lako. Nina neno na kitu kingine kinachovaa nguo za utani: lebo inayosemwa na mtu asiye na wajibu wowote kwako, kwenye usaili wa kazi, kwenye barua ya posa, kwenye nyumba ya kupanga. Maneno yanaweza kuwa yale yale. Tofauti ni kama msemaji atakuja kukuzika.

Nami nimekuwa nikizitazama hizo sifa tatu za Mpare moja moja, kama mtu anayekagua vyombo vya urithi, ili nijue ni kipi kilitengenezwa na kipi kilitupiwa nyumbani kwetu.

Ubishi. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 ililetwa Upare kodi ya kupima mali ya kila mtu, ikaitwa mbiru. Watu wa milimani hawakukataa kulipa. Walikuwa tayari kutoa kodi ya kiwango kimoja kama zamani. Walichokataa ni kukadiriwa mali na wachache kwa njia wasiyoiamini. Januari 1945 maelfu walishuka milima hadi Same na kukaa hapo bila silaha, wakidai wasikilizwe. Baadaye wanawake wa Usangi nao waliandamana. Mapambano yalidumu miaka kadhaa mpaka ule mpango wa kupima ukaachwa. Kimambo aliandika kitabu kizima juu ya mbiru. Nikiambiwa kwamba Mpare anapenda kesi, nawaona watu hao wamekaa kwenye vumbi la Same, mbali na mashamba yao, kwa sababu ya hesabu isiyo ya haki. Kama huo ni ubishi, una tarehe na una sababu.

Mkono wa birika. Birika hutoa maji kidogo kidogo kupitia mdomo mwembamba, na ndiyo picha ya bahili katika Kiswahili. Mtu wa ndiva huitazama picha hiyo kwa jicho jingine. Anajua mkono unaozibua kabla ya wakati ni mkono mwovu, na kwamba ukarimu mkubwa alioujua utotoni ulikuwa wa mtu aliyeweza kusubiri ili maji yamfikie jirani wa mwisho.

Sisemi kwamba Wapare wote wako hivyo. Nikisema hivyo nitakuwa nimetengeneza lebo nyingine, yenye rangi nzuri zaidi tu. Nasema kwamba mimi ninajua nilikoupata mkono wangu.

*

Uganga ndio mgumu.

Mwaka 1922 mmisionari Mjerumani Ernst Kotz, Msabato aliyeishi Upare Kusini na kuandika pia sarufi ya Chasu, alichapisha kitabu juu ya mila za Wapare. Alikipa jina la Kijerumani linalomaanisha, kwa kukaribia, Katika Minyororo ya Hofu. Alikaa nasi, alijifunza lugha yetu, aliandika mengi ambayo leo yangekuwa yamepotea. Hata hivyo alipotafuta jina la kututambulisha kwa wasomaji wake, alichagua hofu. Miaka sita baadaye, 1928, serikali ya Tanganyika ikatunga sheria ya uchawi, ambayo hadi leo, kwa marekebisho, ni sehemu ya sheria za nchi.

Sasa mtazame mganga wa Diablo III. Anatoka kwenye misitu ya kabila la kubuniwa. Anavaa mfupa na manyoya, anarusha chupa za buibui, anaita vyura, anafukua maiti zimtumikie. Waliomchora walikuwa na ufundi mkubwa, na kumchezesha kunanifurahisha mpaka leo. Lakini kati ya jalada la 1922 na chupa ya buibui ya 2012 naona macho yale yale: macho yanayomwona mtu wa mitishamba na mizimu kupitia hofu ya mgeni. Jina la Kiingereza la fani hiyo linaunganisha uchawi na utabibu katika pumzi moja, jambo ambalo Kiswahili hakijawahi kukubali. Kwetu mchawi hudhuru, mganga hutibu. Mmoja hukimbiwa, mwingine hufuatwa usiku na mgonjwa mgongoni. Nchi yetu nayo imeliandika hilo: Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 inamtambua mganga, inamsajili na kumwekea baraza.

Kiswahili kinatupa shida nyingine, na niliiona siku ya pili ya likizo ile. Mpwa wangu alikuwa anaeleza fani ya mjuzi wa vitabu, yule wa umeme na barafu, akamwita mchawi. Mama alikuwa mlangoni anachambua maharage. Mikono yake ikasimama. "Nani mchawi?" aliuliza, na chumba kikawa kimya. Katika Kiingereza neno hilo siku hizi ni mzee mwenye ndevu na kofia ndefu. Huku milimani ni neno lililowahi kuvunja nyumba, kuhamisha watu, kumaliza udugu. Haliwezi kutamkwa sebuleni kama jina la mchezo.

Nilifikiri siku nzima. Jioni nilimpa mpwa wangu neno jingine, nalo lilikuwa kanisani muda wote: majusi. Wale wa Injili ya Mathayo, waliosoma nyota na kusafiri kutoka mashariki. Neno limefika kwetu kwa njia ya Kiarabu kutoka Uajemi, na ndilo lile lile lililopita Ugiriki na kuzaa maneno ya Ulaya ya watu wa maajabu. Mama alipolisikia alirudi kwenye maharage yake. Sikubadilisha kitu kwenye gemu. Nilibadilisha mlango wa kuingilia. Na niligundua kwamba fani ngeni inaweza kupokewa nyumbani ikipewa jina lisilomwogopesha mwenye nyumba.

Mana nayo imesafiri hivyo. Ni neno la visiwa vya Pasifiki, la nguvu takatifu iliyo ndani ya watu na vitu. Mmisionari Codrington aliliandika kitabuni mwaka 1891, likazunguka vyuoni na kwenye riwaya, na leo ni rangi ya bluu inayojaa na kupungua. Wako watu kwenye visiwa hivyo ambao nao walikulia kwenye maana ya neno lile kama nilivyokulia kwenye ndiva. Nikizibua tufe langu nawakumbuka.

*

Mtu mweusi kwenye gemu tulimtafuta tangu zamani. Kwenye vibanda vya gemu enzi za PlayStation ya kwanza, vijana waligombea Eddy Gordo wa Tekken 3, Mbrazili wa kapoera. Wengine walisema ni rahisi kumchezesha, lakini wengi tulimchagua kwa sababu alifanana na kaka zetu. Mwaka 1997 Capcom walimtoa Elena wa Street Fighter III, binti wa Kenya. Tulipata jirani, ila akipigana kwa kapoera, sanaa ya Brazili. Mwaka 2005 Kiswahili chenyewe kiliingia: wimbo "Baba Yetu" wa Christopher Tin ulifungua Civilization IV, na mwaka 2011 ukapata tuzo ya Grammy. Lugha yetu ilikuwa imesimama mlangoni ikiimba vizuri sana. Ndani ya nyumba walizungumza Kiingereza.

Desemba 2024 mpwa wangu alirudi, safari hii na kompyuta mpakato. Alikuwa na Tales of Kenzera: ZAU, gemu lililotoka Aprili mwaka huo, likiongozwa na Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya, aliyelitunga kutokana na msiba wa baba yake. Shujaa wake, Zau, ni mganga kijana. Amefiwa na baba, anafanya mapatano na Kalunga, mungu wa mauti: atamletea mizimu mitatu mikuu, naye arudishiwe mzazi wake. Mpwa wangu aliweka sauti za Kiswahili. Mama alikuwa jikoni. Baada ya dakika chache alikuja akijifuta mikono kwenye khanga, akachungulia sebuleni, akauliza, "Mgeni yuko wapi? Mbona hamjamkaribisha?"

Alisikia mwanamume mzima akiongea na kijana juu ya kifo kwa lugha ya nyumbani, akadhani ni mtu wa pole.

Zau hana orodha ya fani za kuchagua. Ana vinyago viwili. Kinyago cha jua kinampa moto, apigane uso kwa uso. Cha mwezi kinamfanya apige kwa mbali, kwa mwanga baridi. Anavibadilisha katikati ya pigano, mara nyingi kiasi anachotaka. Mbele na nyuma, ghadhabu na subira, vyote ni vya mtu mmoja. Nilipokea pedi kutoka kwa mpwa wangu, na mara ya kwanza nilipobadilisha kinyago katika mruko mmoja nilihisi koo limebana. Mganga huyu alikuwa anaomboleza. Hakukuwa na chupa ya buibui popote.

*

Kabla hajarudi Dar es Salaam nilimwomba mpwa wangu tuwashe tena Diablo. Nikamchukua mganga mbele yake, bila kuhama. Naye, kama kawaida, akamchukua mbabe. Nikamuuliza kitu ambacho nilipaswa kumuuliza mwaka mzima kabla: kwa nini yeye, Mpare wa baba na mama, damu moja na mimi, hampendi yule wa bluu hata kidogo?

Alifikiri huku vidole vikiendelea kufanya kazi. "Mjomba," alisema, "mimi nimesubiri sana."

Kisha akanieleza. Amekulia Mbagala. Alisubiri daladala, alisubiri maji ya bomba yanayotoka siku yatakayo, alisubiri dirishani mama yake, dada yangu, arudi kazini usiku. Akishika pedi anataka mtu asiyesubiri chochote, ambaye kila anapopiga anaongezeka. Subira iliyonipa mimi tufe la bluu ndiyo iliyompa yeye shoka. Nyuma ya pedi mbili tulikuwa na jina moja la kabila, na jina hilo halikueleza hata kimoja kati ya vitu tulivyovipenda.

Sensa ya mwaka 1967 ndiyo ya mwisho iliyowauliza Watanzania kabila lao. Tangu hapo tumeendelea kuulizana wenyewe, kwenye basi, kwenye foleni, kwenye kochi la mama. Sioni kosa kwenye kuuliza. Naomba tu tusiishie hapo. Mtu akichagua nafasi ya nyuma au ya mbele, akipenda kukusanya au kumwaga, muulize mikono yake ilifanya nini alipokuwa mtoto. Jibu litachukua muda mrefu kuliko jina la kabila, na litakuwa lake.

Asubuhi ya safari nilimwamsha saa kumi na moja. Tulishuka na tochi mpaka kwenye ndiva, baridi ikiuma, na jirani wa zamu alikuwa ameshafika. Bwawa lilikuwa limejaa mpaka ukingoni, limetulia, na nyota chache za mwisho zilikuwa ndani yake. Mpwa wangu alisimama kimya. Nikamwambia asogee, ashike mti wa mlango pamoja nasi, na asivute mpaka jirani aseme.

Alisubiri.